Mwanafunzi wa Nyuma ya Pazia

Waliomfahamu Klara Mughwai hukumbuka kwanza mlio wa taipureta yake. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya chama cha ushirika mjini Singida, na dirisha lake lilielekea barabarani, hivyo mtu aliyekuwa akienda sokoni asubuhi alimsikia kabla hajamwona. Alipiga bila kutazama vidole. Wakulima waliofuatilia mambo yao ya alizeti walisimama mlangoni kumwangalia tu, naye aliitikia salamu zao bila kusimamisha mikono.

Katikati ya miaka ya tisini ofisi ile ilianza kupungua. Wanunuzi binafsi walipeleka malori hadi vijijini wakachukua alizeti kwa mkulima mwenyewe, na maghala ya ushirika yakabaki na panya. Walianza kuondoka madereva, wakafuata walinzi, kisha makarani wa maghala. Mwanzoni mwa mwaka 1999 ikawa zamu ya wapiga chapa. Mkuu wa utumishi, Bwana Melkizedeki, aliwaita wote ofisini kwake akawaonyesha sanduku la kadibodi lililokuwa juu ya meza.

"Humu mna kompyuta," alisema. "Kazi yenu ninyi nyote itaifanya hii. Atakayeleta cheti cha kompyuta kabla ya mwisho wa Julai, tutabaki naye. Asiye na cheti, tutaagana kwa heri."

Catherine, mdogo wao kwa umri, akauliza, "Cheti cha kuiwasha au cha kuizima, bosi?"

"Cha kuiamuru," alijibu Melkizedeki, naye akicheka. "Kuifuta vumbi najua mnaweza."

Klara alitabasamu ili asionekane kuwa na hofu. Alikuwa mjane. Mshahara ule ndio uliomlisha yeye pale mtaani Mandewa na mama yake mzee kule Ikungi, lakini zaidi ya mshahara, hakuwahi kuwa kitu kingine ila mpiga chapa. Alitoka shule akaenda mafunzo ya uhazili, akatoka huko akakaa kwenye kile kiti cha dirishani. Akiulizwa yeye ni nani, jibu lake lilikuwa kazi yake.

Mjini palikuwa na chuo kimoja tu cha kompyuta, nacho kilikuwa chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee Abdillahi. Mwalimu pia alikuwa mmoja tu. Aliitwa Hosea, kijana mpole aliyesomea Dodoma, naye alikuwa mume wa Esta, binti pekee wa Klara.

Hapo ndipo penye tatizo lote la maisha ya Klara mwaka ule, na inafaa lielezwe vizuri. Katika ukoo wao, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia kando mpaka mwenzake apite. Hawaitani majina, na wenye jambo la kuambizana hutafuta mtu wa tatu wa kulipitisha. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima, tena wenyewe huihesabu kuwa heshima kubwa kuliko zote. Hudumu mpaka azaliwe mtoto wa kwanza. Siku bibi anapompokea mikononi mjukuu aliye hai, mkwe humfunika blanketi mabegani, wanasalimiana kwa mara ya kwanza, na tangu hapo huwa kama mtu na mama yake. Esta alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia. Mimba yake ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuonekana.

Klara alingoja siku Hosea hayupo, akaenda kumwona mzee Abdillahi dukani.

"Mama Esta, mwalimu ni huyo huyo," alisema Abdillahi, huku akimpimia mteja misumari. "Au nikakuokotee mwingine Manyoni?"

"Mwalimu sijamkataa, mzee. Shida ni uso wake."

"Kwani uso ndio unaofundisha?"

Kauthar, binti wa Abdillahi, ndiye aliyekuwa akiandikisha wanafunzi. Akainua kichwa. "Baba, ile mashine kuukuu ya stoo si bado inawaka?"

"Inawaka ikijisikia."

"Basi akae nayo huko huko stoo. Mlangoni tutatundika pazia. Atasikia kila kitu, na hakuna atakayemwona mwenzake."

Ikawa hivyo. Mashine iliwekwa juu ya kreti kati ya mifuko ya saruji na makopo ya rangi, na kitenge cha maua mekundu kikatundikwa kwenye mlango uliotenganisha stoo na darasa. Jioni, baada ya kazi, Klara aliingilia mlango wa uani somo likiwa limeshaanza, na alitoka kabla halijamalizika. Kauthar aliketi karibu na pazia ili apitishe maneno.

"Kauthar, muulize mwanafunzi wa nyuma kama mashine imewaka," Hosea alisema siku ya kwanza.

Klara alikuwa amesikia vizuri kabisa. Hata hivyo alingoja mpaka Kauthar aulize. "Mwambie mwalimu imewaka."

"Mwalimu, imewaka."

"Kauthar, unalipwa kwa neno au kwa siku?" aliuliza mwanafunzi mmoja, na darasa likacheka.

"Wewe shughulika na kibodi yako, unaitafuta A tangu tuanze," Kauthar alimjibu.

Klara alianza vizuri kuliko wote, kwa kuwa vidole vyake vilikwishajua njia. Kuchapa barua hakukumpa shida. Shida ilikuja kozi ilipofika kwenye kutunga programu, yaani kuandika amri ambazo mashine itazifuata yenyewe.

"Mpaka jana," Hosea aliwaambia, "mashine zenu zilikuwa zikitii amri moja baada ya nyingine kama askari wa gwaride. Leo tunazifundisha kuchagua. Tuseme wewe unanunua alizeti. Mkulima amekuletea gunia, unachukua mbegu unaiuma. Kama ni kavu, basi unapokea. La sivyo, unamwambia akaanike. Umefanya uchaguzi. Mashine nayo itafanya hivyo hivyo ukiiandikia maneno matatu: IF, yaani kama, THEN, yaani basi, ELSE, yaani la sivyo. Ila yenyewe haiumi mbegu. Wewe ndiye utakayeipa sharti, nayo italipima."

Aliwapa zoezi. Waandike programu inayouliza alama za mwanafunzi. Kama alama ni hamsini au zaidi, iandike kwamba amefaulu. Nyuma ya pazia, Klara aliandika mistari yake upesi. Aliweka sabini, mashine ikaandika *Umefaulu*. Akafurahi mwenyewe kati ya mifuko ya saruji.

"Kauthar, mwambie mwanafunzi wa nyuma ajaribu thelathini."

Klara akaweka thelathini. Kioo cha mashine kilibaki kitupu.

"Mwambie mwalimu imenyamaza."

"Imenyamaza kwa sababu haikupewa la kusema. Muulize, la sivyo yake iko wapi?"

"Mwambie mwalimu nimeiacha makusudi."

Hosea akauliza, kupitia kwa Kauthar, ni kwa nini.

"Aliyeshindwa hatangaziwi," Klara alisema. "Akiona kimya, ataelewa mwenyewe."

Wanafunzi waliangua kicheko, na mmoja akasema kwamba mashine ya mama ina aibu kuliko mwali. Hosea hakucheka. Alizaliwa vijiji vile vile vya Ikungi, na alijua kwamba kwao habari mbaya haisemwi kwa mdomo mkavu. Mtu huja, akakaa, akaomba maji, akauliza habari za mifugo, na aliyefuatwa huanza kuelewa kabla jambo halijatajwa.

"Mwambie mwanafunzi wa nyuma kwamba hata nyumbani kwetu ni hivyo," alisema. "Lakini mtu anayekaa mbele ya kioo kitupu hataona adabu, ataona mashine mbovu. Aandike. Ila aandike kwa upole."

Klara akafikiri kidogo, akaongeza ELSE, na chini yake akaandika: *Pole. Jaribu tena mwakani.* Kauthar aliusoma mstari ule kwa sauti, na kabla ya jioni kwisha darasa zima lilikuwa limeuiga.

Tangu siku ile Klara alilipenda somo. Ofisini alimweleza Catherine masharti kwa mifano ya kazi yao: kama mkurugenzi ameweka saini, barua inatoka, la sivyo, inarudi kwenye trei. Alitunga programu ya kupanga wafanyakazi wa likizo, na nyingine ya kutenga magunia makavu na mabichi. Alipokosea, Hosea alimsahihisha kupitia pazia, kwa subira ile ile aliyokuwa nayo kwa wote, na alipopatia alisema, "Mwambie mwanafunzi wa nyuma: vizuri." Klara alilibeba neno hilo mpaka Mandewa.

Siku moja ya Mei, Melkizedeki akamwita.

"Klara, wenzako wananiambia cheti chako kitatoka jikoni kwa binti yako."

"Si kweli, bosi. Ninasoma kama wao."

"Nakuamini. Lakini mwalimu ni mkweo, na mimi nitabakiza watu wengine na kuwaondoa wengine. Kwa hiyo mtihani utafanyika mbele yangu. Wote chumba kimoja, mwalimu asimame karibu na kila mmoja aone anavyofanya, kisha atie saini. Hakuna wa stoo."

Klara alimweleza kuhusu pazia na sababu yake. Melkizedeki alikuwa mtu wa Iramba, hakuhitaji maelezo marefu.

"Naifahamu hiyo, hata kwetu ipo. Ila sitaweza kuwaeleza hilo watakaoachishwa kazi."

Klara hakumwona kuwa mbaya. Angekuwa yeye kwenye kiti kile, labda angesema vivyo hivyo. Tena hakuwa na hofu kubwa, kwa sababu mtihani ulipangwa kufanyika Julai, na Esta alitarajiwa kujifungua Juni. Mtoto akizaliwa, uso utafunguka, na bibi atakaa mbele ya mwalimu kama mwanafunzi mwingine yeyote.

"Kumbe mjukuu anakuja na cheti mkononi!" Catherine alitania.

"Nyamaza, Catherine. Usimtajie mtoto kazi kabla hajafika."

Aliyemngojea mtoto huyo kuliko wote alikuwa Esta. Nyumba aliyoishi na mumewe, mama yake hakuwahi kuingia ndani yake. Klara akija kumtembelea alisimama uani karibu na karo la kuoshea vyombo, na Esta, tumbo likiwa mbele, alitoka na kigoda.

"Ameshanunua blanketi," Esta alimnong'oneza siku moja. "La kijani. Usimwambie kuwa nimekuambia."

"Nitamwambiaje, na hatusemezani?"

Wakacheka mpaka Esta akashika kiuno. "Siku hiyo utaingia ndani, mama. Nitakukalisha kwenye kochi. Nimechoka kukupokea kama mwuza mboga."

Uchungu ulimshika Esta mwishoni mwa Juni, nao ulikuwa mrefu. Theresia, shangazi yake Hosea, aliyekuja kutoka Ikungi kumsaidia, ndiye aliyempeleka hospitali. Klara aliletewa habari akiwa kazini, siku iliyofuata, mchana. Aliacha karatasi kwenye mashine akatoka. Kwenye ukumbi wa hospitali Hosea alikuwa ameketi kwenye benchi. Alipomwona alisimama, akageukia ukutani ili mama mkwe wake apite, na Klara, aliyekuwa akiangalia chini, aliona viatu vyake tu.

Wodini Esta alikuwa amelala, uso umeelekea dirishani. Theresia aliketi pembeni ya kitanda akiwa amekumbatia kifurushi cha khanga. Mwanamke wa kitanda cha jirani aliondoka kwenye kiti chake akampisha Klara. Mwingine akampa maji kwenye kikombe cha bati. Klara akayanywa yote. Ndipo Theresia alipoinama na kumweka mtoto mikononi mwake.

Alikuwa wa kiume. Klara alimfunua uso, akamtazama, akainamisha kichwa karibu na kifua chake, akakaa hivyo. Alikuwa bado ameinama nesi alipofika, akamfungua mtoto, akamsikiliza kwa kipimo chake, kisha akamfunika tena kwa utaratibu mpaka kichwani.

"Pole, mama," alisema.

Walimzika Ikungi kwa kina Hosea. Mvua zilikuwa zimekwisha siku nyingi na udongo ulikuwa mgumu, vijana walibadilishana jembe mara kwa mara. Baada ya maziko watu walianza kuondoka mmoja mmoja, na ndugu wa karibu walipobaki peke yao, Theresia aliwaita wanawake ndani. Kwa mila yao, shangazi wa mume ndiye mwenye neno katika mambo ya ukwe. Aliketi kwenye ngozi, na magotini pake palikuwa na blanketi la kijani lililokunjwa.

"Mama Esta," alisema, "sitazunguka. Mtoto huyu alizaliwa akapumua. Nilimsikia akilia, sauti ndogo, mara moja. Kwa hiyo alikuja. Hakuna atakayesema hakuja."

Wanawake wakaitikia.

"Lililobaki ni lako. Nilipokukabidhi mtoto sikuwa nikiona vizuri, macho yalikuwa yamejaa. Esta alikuwa amegeukia dirishani. Nesi hakuwapo. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa naye. Sasa nakuuliza mbele ya hawa: ulimpokea akiwa hai?"

Wote mle ndani walijua kilichokuwa ndani ya swali lile. Mtihani ulikuwa wiki iliyokuwa inakuja. Neno moja la Klara lingetosha: blanketi lingekaa mabegani mwake jioni ile ile, Hosea angeitwa kutoka uani alikokuwa amesimama, na kiti cha dirishani kingebaki kuwa cha mwenyewe. Theresia alimtazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kutoa jibu na sasa anangoja tu mwenzake alirudie.

Kutoka chumba cha ndani, alikokuwa amelazwa, Esta akasema, "Mama, sema ndiyo."

Hakuna aliyegeuka.

"Sema ndiyo, mama, uingie kwangu."

Klara alifumba macho, akayafumbua. "Hapana, shangazi," alisema. "Sikumpokea akiwa hai."

Theresia alilitazama lile blanketi kana kwamba halijui, kisha akalikunja tena ingawa lilikuwa limekunjwa tayari. "Haya," alisema. "Tumesikia." Hakuna aliyemlaumu, na hakuna aliyemsifu. Mwanamke mmoja aliinuka kwenda kuangalia maharage jikoni.

Siku mbili kabla ya mtihani, Kauthar alifika Mandewa jioni na ujumbe.

"Shikamoo, mama Esta. Mwalimu amenituma. Anasema yeye yuko tayari. Njoo mtihani, atasimama nyuma yako akiangalia kibodi tu, uso wako hatauona."

"Marahaba, mwanangu. Melkizedeki naye atakuwapo?"

"Atakuwapo."

"Basi haitawezekana kujificha. Tutakuwa tumeivunja mila tu."

"Na mkiivunja?" Kauthar alikuwa karibu kulia. "Wewe ndiye unayeweza kuliko wote, mama. Wale wengine bado wananiuliza mimi!"

"Esta atapata mimba nyingine, Mungu akijalia. Sitaki mtoto huyo aje akute bibi yake aliivunja mila kwa sababu ya kiti. Na likitokea lolote, hata homa tu, ndani ya nyumba ile atakayetazamwa ni binti yangu." Akamshika Kauthar mkono. "Mwambie mwalimu nashukuru. Mwambie amefundisha vizuri."

Mtihani ukafanyika bila yeye. Catherine alifaulu, tena alipofika ofisini kesho yake hakufanya utani wowote. Mwisho wa Julai Melkizedeki alisimama mlangoni mwa Klara akitafuta namna ya kuanza. Klara alimsaidia kwa kumwuliza funguo za kabati amkabidhi nani. Alisafisha herufi za taipureta kwa brashi kama alivyofanya kila Ijumaa, akaifunika, akatoka.

Yaliyofuata katika maisha yake yanaweza kusemwa kwa ufupi. Alihamia Ikungi kwa mama yake na akawa mkulima, si hodari sana. Ushirika wenyewe ulifungwa miaka michache baadaye, na kompyuta ile iliuzwa pamoja na meza. Esta alipata watoto wengine wawili walio hai, na Klara aliingia nyumbani kwa mkwe wake na kuketi kwenye kochi. Hosea alimwomba zaidi ya mara moja arudi darasani, bila pazia. Alikataa kwa upole. Alisema vidole vimekuwa vigumu kwa jembe.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Mwaka ule wa 1999, jambo lililomuumiza kuliko kazi aliyoipoteza lilikuwa ukimya wa binti yake. Tangu siku ya swali la Theresia, Esta hakusema naye. Klara alipokwenda kusimama pale karoni, aliambiwa na jirani kwamba Esta amelala.

Mwezi Agosti, siku ya jua kali, Esta alikuja mwenyewe Mandewa. Alimkuta mama yake uani akipura alizeti alizoletewa kutoka shambani kwao, akivipiga vichwa vilivyokauka kwa fimbo juu ya turubai.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Esta hakuomba kiti. Aliokota fimbo nyingine akaketi upande wa pili wa turubai, wakapura pamoja, mbegu zikirukaruka kati yao. Baada ya muda akasema, bila kuinua macho:

"Ulikataa mbele ya watu wote."

"Nilikataa."

"Na mimi nilikuomba."

"Nilikusikia."

"Shangazi alikufungulia mlango, mama. Aliufungua kabisa. Hata yeye alitaka useme ndiyo." Fimbo ya Esta ilipiga mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Nimelala peke yangu kwenye ile nyumba mwezi mzima. Mume wangu ananitazama, namtazama. Ungekuwa ndani pamoja nami."

Klara aliweka fimbo yake chini.

"Mikono yake ilikuwa baridi," alisema. "Vidole vyote, nilivishika kimoja kimoja. Lakini kifua kilikuwa na joto."

Esta akaacha kupura.

"Niliweka sikio. Mle wodini watoto wa wenzako walikuwa wanalia, mlango unafungwa na kufunguliwa, sikusikia kitu. Halafu nikadhani nimesikia. Nikaweka tena, sikusikia. Lile joto sikujua ni lake au ni la shangazi, maana alikuwa amemkumbatia muda mrefu. Nikawa nataka kuuliza, nikaogopa kuuliza. Ndipo nesi akaja."

"Kwa hiyo hukujua."

"Sikujua. Mpaka leo sijui."

"Basi kwa nini hukusema hujui? Kwa nini ulisema hapana?"

"Ningesema sijui, shangazi angenisemea ndiyo, na wote wangeitikia. Ningekwenda ofisini kila asubuhi nikae pale. Kila nikikaa ningejiuliza kama mtoto alikuwa hai kweli, au ni mimi niliyemfanya awe hai nipate pa kukaa." Klara alijifuta mavumbi usoni kwa ncha ya khanga. "Ningeweza kumwonea mtu mwingine yeyote, Esta. Yule sikuweza."

Esta akauliza, kwa sauti ambayo mama yake hakuwa ameisikia tangu alipokuwa msichana mdogo, "Lakini inawezekana alikuwa hai?"

"Inawezekana."

"Alipokuwa kwako. Inawezekana alikujua."

Klara aliitikia kwa kichwa.

Esta akaanza kulia. Hospitalini hakulia, wala kaburini, wala nyumbani kwake. Watu walikuwa wamelitaja jambo hilo kwa wasiwasi. Sasa alilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, akiwa ameketi kati ya mabua na makapi. Klara aliusogeza ungo uliokuwa kati yao, akapita kwa magoti juu ya turubai, akamvuta kichwa mapajani. Hakumwambia anyamaze. Kuku wa jirani waliingia uani wakaanza kudonoa alizeti, mwanzo kwa woga, halafu bila woga, na hakuna aliyewafukuza.